Magamba ya Chewa

Nilipokuwa mtoto, kabla sijaweza kuandika jina langu bila kusahau herufi moja, nilimfukuza chewa aliyelimeza jua. Usicheke. Muulize mtu yeyote wa rika langu au aliyenizidi pale Shella, Malindi, atakuambia kwamba jua lilizimika mchana kweupe, kuku wakaingia bandani, kisha likarudi. Akiwa mkweli ataongeza kwamba lilirudi wakati uleule nilipoitoboa sufuria ya bibi yangu kwa mchi. Shule niliiacha darasa la sita, au shule ndiyo iliyoniacha. Mpaka leo hatujapatana nani alimwacha mwenziwe. Lakini kwa mambo ya mbinguni sina mpinzani barazani kwetu. Wananiita Saidi Machuku, na mimi naitika.

Siku hizi habari za angani zimekuwa nyingi kama bei za samaki. Mwezi uliiva juzi juzi ukawa mwekundu kama papai, watu wote wakatoka na simu zao kuupiga picha, hakuna aliyegonga hata kijiko. Kisha kijana mmoja akatusomea kwamba kuna chombo kimepelekwa kulikaribia jua kuliko kitu chochote kilichowahi kuundwa na binadamu, nacho kimevishwa ngao usoni kisiungue. Wenzangu wakastaajabu. Mimi nikauliza, "Na sisi tunaolitazama kutoka huku chini, tumevishwa nini?" Wakaangua kicheko, wakadhani ni mzaha wangu wa kila siku.

Haukuwa mzaha.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Esha, kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi Mombasa. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na mdogo wake mama, Zuwena, ambaye nilimwita ma mdogo ingawa alikuwa msichana tu ambaye hajaolewa. Ma mdogo alikuwa mshonaji wa kofia. Nasema mshonaji nikimaanisha zile kofia nyeupe za mkono zilizojaa vitundu, kila kitundu kidogo kama jicho la dagaa, kimezungushiwa uzi mpaka kikasimama chenyewe. Kofia moja humla mtu miezi. Wanawake waliomzidi umri walikuja kuzipindua kofia zake ndani nje wakitafuta kosa, wakaondoka wamenuna.

Wakati huo alikuwa akishona kofia moja ambayo haikuwa ya kuuza. Alikuwa ameposwa na kijana wa mtaa wa pili aitwaye Athmani, na kwetu msichana hodari humshonea mchumba wake kofia ya kuvaa siku ya nikahi. Nilimtania kila siku.

"Ma mdogo, kichwa cha Athmani ni kikubwa. Hiyo haimtoshi."

"Itamtosha. Nimekipima kwa macho."

"Macho yanapima kichwa?"

"Macho yangu yanapima kila kitu, mtundu we. Hata uongo wako."

Hakuwa akijisifu bure. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku akizungumza, bila hata kukodoa.

Siku chache kabla ya giza lile, redio ilianza kutangaza kwamba jua litapatwa, na giza litapita juu yetu hapa pwani. Wazungu wakashuka Malindi na mitambo yao, wakaitandaza ufukweni kama wachuuzi. Redio ikakariri kila jioni: wananchi msilitazame jua kwa macho matupu. Bibi alikuwa hapatani na redio hata kwa habari za mvua, lakini mara hiyo aliinua kidole akasema, "Leo imesema kweli."

Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Chini ya bahari kuna chewa mkubwa, samaki wa zamani kuliko watu. Kila baada ya muda hupanda kwa njia anayoijua mwenyewe akalimeza jua au mwezi. Watu wasipopiga kelele, hatalitapika. Na wakati analo kinywani, macho yake yako wazi, anatafuta wa kumtia alama. Atakayemtazama chewa usoni, chewa naye atamtazama, na hatamsahau.

"Kwa hiyo hatutatazama kabisa?" nikauliza.

"Lazima atazame mmoja," akasema bibi. "Wanaopiga hawana nafasi ya kutazama, na wakikoma mapema, jua litabaki nusu tumboni. Mmoja hutazama majini akatwambia limefika wapi. Majini chewa hakuoni. Maji ni yake, anadhani ni kivuli chake mwenyewe."

Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake. Mtazamaji alikuwa msichana ambaye hajaingia nyumba ya mume. Katika uwanja wetu alikuwapo mmoja tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, hapakuwa na shule. Asubuhi bibi alifunika mtungi, akafunika kisima, akafunika hata unga. Akateka maji akayajaza kwenye sufuria mpya ya aluminiamu iliyokuwa iking'aa kama kioo, kisha akatia buluu, ile ya kufulia kanzu, ili maji yapate kiza kidogo. Akaiweka katikati ya uwanja. Majirani wakaja na masinia, madebe na vinu. Mimi nilipewa sufuria kuukuu na mchi ulionizidi urefu.

Jua lilikuwa limeanza kumong'onyolewa, nuru imepungua na kuwa ya manjano yenye ugonjwa, lakini ma mdogo bado alikuwa amekaa kizingitini akishona. Alitaka amalize kitundu kimoja kabla hajaitwa. Akainua kofia juu ya kichwa chake kuikagua dhidi ya mwanga, kama alivyofanya mara mia kwa siku. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini mbele yake, nami ndimi niliyeona kwanza.

Kivuli cha kofia kilikuwa kimelala juu ya sakafu ya saruji. Kila siku vile vitundu vilitupa vidoa vya nuru vya mviringo, navijua, nilizoea kuvikanyaga. Siku hiyo havikuwa mviringo. Kila kidoa kilikuwa kimekatwa ubavu, kimepinda kama ukucha, na vyote vimepindia upande mmoja, vimepangana mistari kwa mistari, vinametameta mkono wake unapotikisika.

"Bibi!" nikapiga ukelele. "Njoo uone! Kofia ya ma mdogo imezaa samaki!"

"Saidi, acha uongo wako leo," akasema ma mdogo. Lakini alitazama chini. Akaipeleka kofia mbali kidogo, vidoa vikakua. Akaisogeza karibu, vikapungua. Nakumbuka uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona ushonaji mzuri kuliko wake, na hana wivu.

"Ya Rabbi," akasema polepole. "Tazama vinavyolingana."

Bibi akaja. Alipoona, akarudi nyuma hatua.

"Audhubillahi! Magamba hayo!"

"Magamba ya nini, mama?"

"Magamba ya chewa, mtoto wee! Yanamdondoka anapojipinda! Weka chini hiyo kofia! Kitu cha mwanamume wako unamwonyesha chewa, unataka amjue?"

Akampokonya kofia, akaizungushia kaniki tabaka tatu, akaitia ndani chini ya kitanda. Kisha akachukua ufagio akaifagia ile sakafu tupu, akafagia kwa nguvu, akitupa nje kitu kisichokuwapo. Akamshika bintiye mkono akampeleka uwanjani, akamketisha mbele ya sufuria inayong'aa.

"Hapa uko salama," akamwambia. "Usiinue uso juu. Tazama majini tu, na usibanduke mpaka liwe zima."

Basi tukaanza. Wallahi nilipiga. Uwanja mzima ulikuwa kelele moja, vinu, madebe, wanawake wakiimba, "Chewa, chewa, tuachie jua letu!" na ma mdogo ameinama juu ya maji akituita habari.

"Limebaki nusu!"

"Pigeni!"

"Limebaki kama kipande cha tikiti!"

"Pigeni, msichoke!"

"Limebaki uzi!"

Mara giza. Ubaridi ukatushukia mabegani. Niliona nyota saa tano mchana, na yeyote anayebisha aje nimwonyeshe pale nilipokuwa nimesimama. Mama mmoja akalia kwa sauti. Nikasema moyoni, sasa ni mimi na chewa. Nikauinua mchi kwa mikono miwili, nikaushusha, ukaitoboa sufuria mpaka ardhini, na wakati huo huo juu ya paa la msikiti ukachomoza ukingo wa jua mkali kama kiwembe.

"Analitapika!" akapiga kelele ma mdogo. "Analitapika! Pigeni!"

Watu wakashangilia. Nikabebwa. Wengine wakataka kuacha, lakini bibi akakataa katakata: mpaka liwe zima. Basi tukaendelea kupiga, mikono imekufa ganzi, na ma mdogo akaendelea kutazama jua likikua ndani ya ile sufuria, hatua kwa hatua, mpaka likawa duara kamili, jeupe, linaruka majini. Alipoinua uso alikuwa akitabasamu, machozi yanamtiririka. Alisema hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Hakusikia maumivu hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha baadaye kuliko yote: ya kwamba mtu anaweza kuchomwa na asijue.

Alasiri aliitoa kofia chini ya kitanda akakaa mahali pake. Nilikuwa karibu, najisimulia ushindi wangu kwa mara ya kumi.

"Saidi, nitungie uzi," akasema.

Hakuwahi kuniambia neno hilo kabla ya siku hiyo.

"Kwa nini?"

"Sindano hii imekatika katikati."

Nikaichukua. Ilikuwa nzima. Nikamwambia. Akaipokea, akaishika mbele ya macho, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akacheka kidogo, akasema amechoka, ule mwangaza wa maji umemkaa machoni, utaisha akilala.

Haukuisha. Asubuhi bibi alimletea chai, na ma mdogo akamkodolea kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, naona masikio yako. Naona mtandio wako. Uso huna."

Bibi akaangusha kikombe.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi, kwa kuwa hayana utamu. Alinyweshwa kombe, maji ya zafarani iliyoandikiwa aya za Kurani. Alipelekwa kwa mganga kule Jilore, akafukizwa mpaka akakohoa damu. Mwisho alipelekwa hospitali, na daktari akasema ndani kabisa ya jicho, pale katikati panaposoma na kutambua sura, pameungua, na pakishaungua hapaponi. Akauliza alilitazama jua kwa kitu gani. Bibi akajibu kwa fahari ya mtu asiyeelewa kinachokuja: "Hakulitazama, daktari. Alitazama majini tu." Daktari akatikisa kichwa. Maji hayakuzuia chochote, akasema. Buluu nayo haikuzuia.

Tulipofika nyumbani bibi alisema, "Chewa alimwona," na tangu siku hiyo hakutaka kusikia maelezo mengine. Ningependa kusema kwamba alikuwa mkaidi. Leo nadhani alikuwa mwerevu. Kama si chewa, ni nani aliyeijaza ile sufuria?

Ma mdogo akajifundisha kuona upya. Aligundua kwamba akitaka kuuona uso wa mtu, asiutazame. Atazame pembeni, sikioni au begani, hapo uso huja kwa kuibia, una ukungu kidogo, kando ya lile shimo jeusi la katikati. Ndivyo alivyofanya siku mamake Athmani alipokuja na shangazi zake kumjulia hali. Alivaa vizuri, akatoa shikamoo kwa kila mmoja, akaketi. Na kila mmoja alipozungumza naye, yeye akageuza macho yake kando, kwenye ukuta, kwenye hewa, ili apate kuwaona.

Mamake Athmani alinong'ona na shangazi mmoja. Kisha akauliza kwa sauti, "Mwanangu, unamtazama nani hapo kando yangu?"

"Nakutazama wewe, mama."

"Mimi niko huku."

"Najua. Nakuona hivi."

Yule mama akasogea kwenye mkeka, polepole, kama mtu aliyeona nge. Hawakunywa chai. Baada ya siku mbili tukaletewa maneno kwa njia ya jirani: wao hawana neno na binti, bali mtoto wao hataoa mtu anayeongea na wasioonekana. Athmani mwenyewe hakuja. Baadaye alioa Lamu, na nilimwona siku moja sokoni akiwa na kofia ya mashine.

Ile kofia ya mkono ilibaki bila upande mmoja. Bibi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kila asubuhi akaiacha imechomekwa kwenye kitambaa, huenda leo macho yakafunguka. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki. Sindano ya mwisho ilikutwa na uzi wake.

Sasa ruka miaka. Bibi yuko kaburini, mimi nina mke, watoto na mvi, na ma mdogo anakaa kwangu. Mwaka ule wa barakoa, shule zimefungwa, binti yangu Swabra akatoka chumbani asubuhi moja ya Jumapili na simu mkononi.

"Baba, jua limepatwa! Si lote, limeliwa kipande tu. Usilitazame!"

"Unanifundisha mimi?" nikamwambia. "Mimi nilimfukuza chewa kabla mama yako hajazaliwa."

"Sikiliza basi. Hapa wanasema huhitaji miwani. Tundu lolote dogo linatosha. Unalipa jua mgongo, unaacha mwanga upite kwenye tundu, jua linajichora lenyewe ukutani. Kadi yenye tundu, chujio la chai, chochote."

Chochote chenye vitundu. Niliingia ndani, nikafungua sanduku la bibi, nikaitoa ile kofia katika kaniki yake. Nilirudi uwanjani ambapo ma mdogo alikuwa amekaa juu ya mkeka akichambua mchele kwa vidole, maana vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake. Nikasimama nyuma yake, nikaipa kofia jua.

Ukuta mweupe ukajaa. Mamia. Kila kimoja kimemong'onyolewa ubavu, vyote vimepindia upande mmoja.

Vidole vyake vikasimama mcheleni. Unajua, katikati hana kitu. Lakini vile vidoa vilikuwa vimetapakaa ukuta mzima, juu, chini, kushoto, kulia, na pembeni anaona.

"Magamba," akasema.

"Siyo magamba, bibi," akasema Swabra. "Ni jua. Kila kitundu kinachora jua lake. Ndivyo linavyoonekana sasa hivi huko juu."

"Jua lenyewe?"

"Lenyewe."

"Na mtu akilitazama hivi, haliumizi?"

"Haliumizi hata kidogo. Hii ndiyo njia ya salama."

Ma mdogo akanyoosha mkono, nikampa kofia, na ukuta ukazimika. Akaipapasa kitundu kwa kitundu mpaka pale ushonaji ulipokomea. Nilisubiri alie, au amtukane marehemu bibi. Hakufanya hivyo.

"Ilikuwa mkononi mwangu," akasema.

Swabra, ambaye hakuwahi kusimuliwa yote, alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaizima simu. Nami kwa woga nikafanya ninachokijua, nikaanza kupiga chuku. Nikaeleza jinsi nilivyoupandisha mchi, jinsi sufuria ilivyopasuka, jinsi chewa alivyotapika akakimbia. Ma mdogo hucheka daima nifikapo hapo. Mara hii alisikiliza mpaka mwisho, ametulia.

"Saidi," akasema, "ulipomfukuza, alikwenda wapi?"

Nikaichukua kofia, nikairudisha katika kaniki yake.

Nimefikiri sana tangu hapo. Bibi yangu alisema usilitazame, na alisema kweli. Redio ilisema usilitazame, nayo ikasema kweli. Hakuna aliyekosea kuhusu hatari. Walikosea kuhusu mahali pa kujificha. Tulifagia kilichokuwa salama, tukakipigia magoti kilichokuwa kikichoma, na tulifanya hivyo kwa upendo, tena kwa nidhamu. Wataalamu waliijua saa ambayo giza litatufikia. Walikuwa ufukweni, umbali wa kutembea, na vioo vyao vyeusi. Nao hawakujua kwamba nyuma ya ukuta wetu kuna sufuria.

Sasa simu zinasema jua litapatwa tena mwakani, na huku kwetu litamong'onyolewa tu. Vijana wa barazani wameanza kunichokoza, Machuku, lete ile ya chewa. Nitawapa. Huwa naiishilizia pale jua linapochomoza juu ya msikiti, watu wanashangilia, na mimi nimebebwa juu juu. Ni hadithi nzuri ikikomea hapo. Iliyobaki siipeleki barazani. Iko nyumbani, imekaa juu ya mkeka, inanitazama sikio ili ipate kuniona uso.